Rekodi za maonyesho ya Grateful Dead: nianzie onyesho lipi?

Mpiga Rithimu, Morogoro

Ndugu wapenzi wa muziki, nawasalimu. Mimi hupiga gitaa la rithimu katika bendi ya dansi hapa Morogoro, na kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikisikiliza albamu za studio za Grateful Dead, bendi ya California iliyoanza mwaka 1965. Zile mbili za mwaka 1970, Workingman's Dead na American Beauty, nimezipenda sana kwa jinsi sauti za waimbaji zilivyopangwa na kwa namna magitaa yanavyoachiana nafasi. Hata hivyo, kila ninaposoma maoni ya mashabiki wa siku nyingi wa bendi hii, wale wanaojulikana kama Deadheads, naona kwamba albamu hizo wanazitaja kwa heshima, kisha wanahamia haraka kwenye tarehe. Mtu hasemi kwamba anaipenda albamu fulani. Anasema anaipenda 8 Mei 1977 au 27 Agosti 1972, na wenzake wote wanajua anazungumzia onyesho gani na mji gani.

Nimeingia katika Internet Archive, ambako rekodi za maonyesho yao zimewekwa kwa maelfu, nikapotea. Onyesho moja lina rekodi nne au tano: nyingine imeelezwa kuwa imetoka kwenye meza ya fundi sauti, nyingine imenaswa na watazamaji ukumbini, nyingine ni mchanganyiko wa hizo mbili. Nilijaribu kufungua onyesho moja la mwaka 1973, na wimbo mmoja ukaendelea kwa zaidi ya dakika 20 huku nikishindwa kujua kama bado ni wimbo ule ule nilioufungua. Sikuchukia nilichokisikia, ila nilihisi kwamba kuna namna ya kusikiliza ambayo wenzangu wanaijua na mimi bado.

Naomba mnielekeze nianzie wapi, na nichague vipi kati ya rekodi nyingi za onyesho moja, kwa kuwa kifurushi changu cha intaneti hakiniruhusu kujaribu kila kitu.

Mzee wa Oakland

Mwanangu, swali lako limenifurahisha. Nilikuja California kusoma katika miaka ya 1980 nikitokea Nakuru, na wakati huo bendi hii ilikuwa ikipiga mara kwa mara katika ukumbi mkubwa wa Oakland, kwa hiyo niliwasikia kwa masikio yangu kabla ya kuanza kukusanya kanda zao.

Kwanza uelewe kwa nini tunataja tarehe. Kuanzia mwaka 1965 hadi onyesho lao la mwisho mjini Chicago, tarehe 9 Julai 1995, mwezi mmoja kamili kabla ya kifo cha Jerry Garcia, mpiga gitaa lao la solo na mwimbaji, walipanda jukwaani zaidi ya mara 2,300, na sehemu kubwa ya maonyesho hayo imehifadhiwa. Kwa kawaida hawakupanga nyimbo mapema. Waliamua wakiwa pale pale jukwaani, na wimbo uliopigwa jana mara nyingi haukurudiwa leo. Hata ulipopigwa tena wiki iliyofuata, haukuwa na urefu ule ule, wala mwendo ule ule, wala solo ile ile ya gitaa katikati yake. Mtu aliyenunua albamu alipata wimbo. Mtu aliyepata kanda ya onyesho alipata kile kilichoutokea wimbo huo siku hiyo, na hicho ndicho tunachokifuata.

Onyesho la kawaida la tangu miaka ya 1970 lilikuwa na awamu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyimbo fupi zinazojitegemea. Ya pili ilikuwa ya nyimbo zilizounganishwa, mmoja ukiingia ndani ya mwingine bila ala kunyamaza, na kuanzia mwaka 1978 ikawa kawaida kwamba katikati yake wapiga ngoma wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, waachiwe jukwaa peke yao, kisha warudi wenye magitaa na kutafuta sauti bila mdundo wala ghani, mpaka wimbo mwingine ujitokeze. Katika orodha za nyimbo utaona alama ya mshale kati ya jina moja na jingine. Hapo ndipo waliposhikanisha nyimbo bila kusimama. Ukichagua wimbo mmoja tu kutoka awamu ya pili, ni sawa na kusoma ukurasa wa katikati wa barua. Sikiliza awamu nzima, hata kama ni lazima uigawe kwa siku mbili.

Nakushauri usianze na nyimbo ndefu kabisa. Anza na ukumbi wa Barton Hall wa Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York, tarehe 8 Mei 1977. Hii ndiyo rekodi inayojulikana kuliko zote, kiasi kwamba Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha yake ya 2011 ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Mwaka 2017 ilitolewa rasmi, baada ya miaka 40 ya kunakiliwa na mashabiki. Nenda moja kwa moja kwenye awamu ya pili, penye Scarlet Begonias inayoingia katika Fire on the Mountain. Nyimbo hizo mbili kwa pamoja zinachukua dakika 25 na ushei, na wakati huo muunganiko wao ulikuwa mpya kabisa, kwani Fire on the Mountain ilipigwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu mwezi Machi mwaka huo huo.

Wewe unayepiga dansi utaielewa mara moja. Fire on the Mountain imejengwa juu ya kodi mbili tu, yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa kwa pamoja, zinazorudi na kurudi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kazi yote iko katika kile ambacho gitaa la solo, besi na ngoma wanakifanya juu ya mzunguko huo, kama vile sebene inavyofanya pale mwimbaji anaponyamaza na magitaa yakachukua wimbo. Sikiliza namna Garcia anavyosubiri. Hajazi kila nafasi. Anaanza na vipande vifupi, anaacha mzunguko upite, kisha anaongeza urefu wa sentensi zake kidogo kidogo, na kila anaporudi kutoka kwenye ubeti anaanzia juu kidogo ya pale alipoishia awali.

Kisha mfuate Bob Weir, kwa kuwa yeye ni mpiga rithimu mwenzako. Mara chache sana utamsikia akikwangua kodi nzima kwa mfululizo. Anazivunja kodi vipande, anaweka sauti mbili au tatu pale ambapo Garcia amevuta pumzi, na anabadili mahali anapozishikia kwenye shingo ya gitaa ili asikanyage besi. Alieleza mara nyingi kwamba alijifunza hivyo kwa kuisikiliza piano ya McCoy Tyner katika kundi la John Coltrane. Besi nayo haikai chini kama tulivyoizoea: Phil Lesh alisomea tarumbeta na utunzi wa muziki, na hakuwa amepiga gitaa la besi kabla ya kujiunga na bendi hii, kwa hiyo analipiga kama ala ya tatu ya kuimba. Ukimsikiliza Weir peke yake kwa dakika kumi, hutaona tena kwamba umepotea.

Ukishaizoea Cornell, fanya hivi: chukua Dark Star na uufuate mwaka hadi mwaka. Mwaka 1968 waliutoa kwenye santuri ndogo, na haukufika dakika tatu. Tarehe 27 Februari 1969, katika ukumbi wa Fillmore West mjini San Francisco, uliwachukua zaidi ya dakika 20, na hiyo ndiyo nakala inayofungua albamu ya Live/Dead. Tarehe 27 Agosti 1972 waliupiga kwa zaidi ya nusu saa katika uwanja wa wazi huko Veneta, jimbo la Oregon, kwenye jua kali lililokuwa likizilegeza nyuzi za magitaa mpaka ikawabidi kusimama na kuzikaza upya kila mara. Onyesho hilo lilifanywa ili kukiokoa kiwanda kidogo cha maziwa, Springfield Creamery, kilichokuwa cha Chuck Kesey, ndugu wa mwandishi Ken Kesey, na tikiti zilichapishwa kwenye lebo za kiwanda hicho za kubandika kwenye makopo ya mtindi. Ilipofika 2013, onyesho hilo lilitolewa rasmi pamoja na picha zake za filamu.

Sikiliza pia tofauti ya ngoma. Mickey Hart aliondoka kwenye bendi mapema 1971 na hakurudi hadi Oktoba 1974, kwa hiyo huko Veneta yupo Kreutzmann peke yake. Mpiga ngoma mmoja anaweza kugeuza mwendo kwa nukta moja bila kushauriana na mtu, na ndiyo maana muziki wa miaka hiyo ni mwepesi na unakata kona upesi kuliko ule wa mwaka 1977.

Fundi Spika, Tanga

Shikamoo Mzee wa Oakland, na ndugu wa Morogoro karibu sana. Mzee amejibu kuhusu muziki. Mimi naomba nijibu kuhusu aina za rekodi, kwa sababu kazi yangu ni kufunga na kuendesha mitambo ya sauti, na rekodi hizi zimenifundisha mengi.

Rekodi ya mezani imechukuliwa kutoka kwenye meza ya kuchanganyia sauti, yaani ni zile sauti zilizoingia kwenye maikrofoni na nyaya za jukwaani kabla hazijapita kwenye spika na kugonga kuta. Ni safi, kila ala unaisikia mahali pake, na besi haivumi. Upungufu wake ni kwamba chochote ambacho fundi hakukiongeza mezani hakimo. Katika ukumbi mdogo gitaa lenye kelele jukwaani huenda halikuhitaji kuongezwa, kwa hiyo kwenye kanda linasikika hafifu ingawa watu waliokuwapo walilisikia vizuri. Watazamaji nao hawasikiki, na bendi inakuwa kama inapigia chumba kitupu.

Rekodi ya ukumbini ni kinyume chake. Mtu amesimamisha maikrofoni zake mbili juu ya mlingoti katikati ya watu, akanasa kile kilichotoka kwenye spika pamoja na mwangwi wa ukumbi, makofi, na ile sauti ya umati unapotambua wimbo unaokuja kabla haujafika. Ikiwa mtu huyo alikuwa na maikrofoni nzuri na alisimama mahali pazuri, rekodi yake inaweza kuishinda ya mezani. Hiyo ya tatu, mchanganyiko, imetengenezwa na shabiki nyumbani kwake kwa kuzilinganisha rekodi hizo mbili nukta kwa nukta, kwa sababu mashine mbili za kanda hazizunguki kwa kasi moja, na asipoirekebisha moja ifuate nyingine, sauti zitaachana baada ya dakika chache. Kwa maonyesho ya miaka ya 1980, mimi huanza na mchanganyiko kama upo.

Ubora wa rekodi za mezani una watu nyuma yake. Owsley Stanley, fundi wao wa kwanza mashuhuri, alirekodi maonyesho ili ajisikilize mwenyewe baadaye na kujua alikosea wapi katika kuchanganya, hakufikiria kuuza. Betty Cantor-Jackson naye, katika miaka ya 1970, alirekodi kwa mashine zake kwa mchanganyiko alioupanga mahususi kwa kanda, na ndiye aliyerekodi Cornell. Kanda zake nyingi ziliuzwa kwa mnada mwaka 1986 pamoja na vitu vingine vilivyokuwa katika ghala la kukodi, zikaangukia mikononi mwa mashabiki, wakazisafisha na kuzisambaza. Mtu yeyote anayeufanya ufundi huu anapaswa kuzisikiliza kanda za huyu mama: ngoma ziko pana, sauti za waimbaji ziko katikati bila kufunika kitu, na besi ina umbo.

Naongeza tahadhari moja kuhusu 1974. Mwaka huo walitumia mitambo iliyoitwa Wall of Sound, ukuta wa spika zaidi ya 600 uliosimamishwa nyuma ya wanamuziki wenyewe, kila ala ikiwa na spika zake. Kwa kuwa spika zilikuwa nyuma ya maikrofoni, sauti ingerudi na kupiga kelele. Dawa yao ilikuwa kumpa kila mwimbaji maikrofoni mbili zilizounganishwa kwa mkabala, ili sauti inayoingia zote mbili kwa pamoja ijifute yenyewe na ibaki ile ya mwimbaji aliyesogea kwenye moja tu. Ufumbuzi huo naustahi sana, ila kwenye rekodi za mezani za mwaka huo sauti za waimbaji zinakuwa nyembamba. Usidhani simu yako imeharibika. Tafuta rekodi ya ukumbini ya onyesho hilo hilo, usikie ukuta wenyewe.

Kuhusu kifurushi, jambo moja la kujua ni kwamba tangu mwishoni mwa 2005 rekodi za mezani katika Internet Archive husikilizwa mtandaoni tu, lakini zile za ukumbini zinaruhusiwa kupakuliwa. Pakua za ukumbini mahali penye mtandao wa bure, uzisikilize nyumbani.

Mzee wa Oakland

Marahaba, Fundi. Umeeleza vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza, na umenikumbusha kueleza kwa nini zile rekodi za ukumbini zipo kabisa.

Wanamuziki wengine wa wakati huo waliwatoa nje watu waliokutwa na mashine za kurekodi. Grateful Dead waliwaacha. Waliokuwa na maikrofoni walizidi kuwa wengi kiasi cha kuwazuia wengine wasione jukwaa na hata fundi asione mbele yake, na bendi badala ya kuwafukuza ikawatengea eneo lao nyuma ya meza ya fundi, na tikiti zao maalumu, kuanzia tarehe 27 Oktoba 1984 katika ukumbi wa Berkeley Community Theatre. Sharti lilikuwa moja: usiuze. Sharti hilo tulilishika wenyewe kwa wenyewe kwa ukali kuliko ambavyo wakili yeyote angelisimamia. Ukitaka kanda, ulimwandikia mtu mwenye nayo, ukamtumia kaseti tupu pamoja na stempu za kurudishia, naye akakunakilia jioni akiwa na nafasi. Kaseti ya dakika 90 ilitosha karibu awamu nzima ya pili, dakika 45 kila upande, ndiyo maana katika rekodi nyingi za zamani utakuta muziki unakatika ghafla katikati ya wimbo: hapo ndipo mtu alipogeuza kaseti gizani, haraka haraka, watu wakicheza kandokando yake.

Kila nakala ya kaseti iliongeza mchakacho, na tuliandika juu ya karatasi ya kasha kwamba hii ni nakala ya ngapi kutoka kanda mama. Nakala ya pili ilikuwa hazina. Leo wewe mwanangu, ukiwa Morogoro, unaisikia nakala iliyotoka kwenye kanda mama yenyewe, na nakuomba uipokee kwa kujua kwamba kuna watu wengi walioibeba mikononi mpaka ikakufikia.

Mpiga Rithimu, Morogoro

Nawashukuru sana, Mzee wangu na Fundi. Nimeisikiliza awamu ya pili ya Cornell yote, mara ya kwanza nikimfuata Garcia na mara ya pili nikimfuata Weir kama nilivyoagizwa. Kumbe kile nilichodhani ni kupotea, ni wao kuhamisha uzito wa wimbo kutoka ala moja kwenda nyingine bila mtu mmoja kuushikilia. Nimejaribu mazoezini kuacha kupiga kodi nzima na kuweka vipande tu, na mpiga besi wetu ameniambia kwamba kwa mara ya kwanza anapata nafasi ya kupumua.

Ninalo swali jingine. Je, walipata kukutana na wanamuziki wa Afrika jukwaani, na kama ndivyo, je, kuna rekodi?

Binti Nuru, Mombasa

Kaka wa Morogoro, rekodi ipo, na mimi ndiyo niliyoingilia nayo katika muziki wa bendi hii, maana nilikuwa nikimtafuta Hamza El Din na si wao.

Hamza El Din alikuwa Mnubi wa Misri, mpiga udi na tari, aliyezaliwa Toshka, kijiji kilichozama baada ya kujengwa kwa bwawa kuu la Aswan. Aliishi Marekani kwa miaka mingi na alifahamiana na Mickey Hart. Grateful Dead walipokwenda Misri kupiga muziki chini ya mapiramidi ya Giza, tarehe 14, 15 na 16 Septemba 1978, Hamza alikuwa pamoja nao na kundi lake la Wanubi, wenye tari na makofi. Mapato ya maonyesho hayo yalitolewa kwa Idara ya Mambo ya Kale ya Misri na kwa shirika la hisani lililokuwa chini ya Jehan Sadat, mke wa rais wa wakati huo.

Utafute wimbo uitwao Ollin Arageed katika rekodi za maonyesho hayo. Unaanza na Wanubi peke yao: sauti za wanaume zinaitana na kuitikiana, makofi yanakwenda kwa mzunguko mpana, tari zinagonga chini yake. Kisha wanamuziki wa Grateful Dead wanaingia mmoja mmoja, kwa adabu, bila kuubadili mdundo walioukuta pale. Baada ya muda unasikia kwamba Wanubi wameanza kuondoka na mzunguko umebaki kwa magitaa, na kutoka hapo wimbo wa bendi unaanza. Sisi tuliolelewa katika taarabu na chakacha tunaujua ugumu wa kuingia kwenye makofi ya watu bila kuyavunja, kwa hiyo nawapa heshima kamili kwa dakika zile.

Ni haki kusema kwamba maonyesho hayo kwa ujumla hayakuwa bora. Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono na alipiga ngoma kwa mkono mmoja, na piano haikuwa imekaa sawa. Bendi yenyewe haikuridhika, ikaacha mpango wa kutoa albamu, na ilichukua miaka 30, hadi 2008, ndipo sehemu ya rekodi zikatolewa rasmi kwa jina la Rocking the Cradle. Walijaribu hata kukitumia chumba cha mfalme ndani ya Piramidi Kuu kama chumba cha mwangwi, wakipitisha sauti ndani na kuirudisha nje, lakini haikufaulu. Onyesho la tarehe 16 ndilo ninalolipendekeza. Usiku huo mwezi ulipatwa kikamilifu, na muziki wao ni mtulivu na wenye umakini kuliko zile siku mbili za kwanza. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, walipopiga tena katika ukumbi wa Winterland mjini San Francisco, Hamza alipanda jukwaani pamoja nao kwa mara nyingine, na wapo wanaoona kwamba huko mitambo na vidole vyao vilikuwa vimetulia zaidi.

Msafiri wa Kigoma

Ndugu zangu, kwa heshima zote kwa Mzee wa Oakland, naomba nitofautiane naye katika jambo moja. Sidhani kwamba Cornell ndiyo mlango ufaao. Ni onyesho zuri, na Morning Dew iliyo karibu na mwisho wake, jinsi Garcia anavyoijenga kutoka kwenye mnong'ono hadi gitaa likawa linapiga kodi kwa kasi ya kutisha, hakuna atakayeibeza. Lakini umaarufu wake umetokana pia na bahati ya kanda: Betty aliirekodi vizuri, na nakala safi ikasambaa mapema na kuwafikia watu wengi, ambao kwa wengi wao ilikuwa ndiyo kanda ya kwanza nzuri waliyowahi kuishika. Maonyesho mengine ya Mei hiyo hiyo ni sawa nayo au yanaizidi. Kesho yake, tarehe 9 Mei mjini Buffalo, walifungua kwa Help on the Way, Slipknot na Franklin's Tower zikiwa zimeunganishwa, na mimi naona ufunguzi ule una makali ambayo Cornell haina. Tarehe 22 Mei huko Pembroke Pines, Florida, ilichaguliwa na Dick Latvala, mtunza kanda wao, kuwa toleo la tatu katika mfululizo wa Dick's Picks, na hakuichagua bure.

Zaidi ya hayo, mwaka 1977 walikuwa wamepangika mno. Kwa mtu anayetaka kujua kubuni papo hapo, ningempeleka kwenye safari ya Ulaya ya 1972: maonyesho 22 kati ya Aprili na Mei, yote yamerekodiwa kwa mashine za njia 16, yaani zinazoweza kutenganisha sauti 16 kwenye kanda moja, na yote yalitolewa mwaka 2011 katika kasha moja la diski 73. Pale kila kitu kipo, nyimbo fupi na safari ndefu, na unawasikia wakiwa bado hawajui jibu.

Mzee wa Oakland

Ndugu wa Kigoma, hoja yako kuhusu bahati ya kanda naikubali yote, na Buffalo naipenda kama wewe. Nashikilia Cornell kwa mgeni kwa sababu moja tu, kwamba kodi mbili za Fire on the Mountain zinampa mahali pa kusimama huku akijifunza kusikiliza wengine. Ulaya 1972 inamdai ajisimamie mwenyewe tangu mwanzo.

Ila mpiga rithimu wetu asidhani muziki huu uliishia 1977. Baada ya Ulaya, asikilize tarehe 29 Machi 1990, ukumbi wa Nassau Coliseum, jimbo la New York, ambako Branford Marsalis, mpiga saksofoni wa jazi, alialikwa kupiga nao. Alikuja kwa ajili ya wimbo mmoja wa awamu ya kwanza, Bird Song, na baada ya hapo akaombwa abaki kwa awamu yote ya pili. Katika Eyes of the World utamsikia akimjibu Garcia sentensi kwa sentensi, na kinanda cha Brent Mydland, aliyekuwa amebakiwa na miezi minne tu ya kuishi, kikiwafungulia njia wote wawili. Kwa onyesho hilo chukua toleo rasmi la 2014, liitwalo Wake Up to Find Out, kwa sababu saksofoni imewekwa wazi kuliko katika rekodi nyingine, na umsikilize Weir mahali ambapo wapigaji wawili wa solo wanazungumza kwa wakati mmoja na yeye inambidi aamue ni nani kati yao wa kumwachia nafasi.